Sota shambani Dar: jembe, kola, chambo au dawa?

Mche wa kabichi ukiukuta asubuhi umelala, shina limekatwa usawa wa udongo, hakuna dawa ya kuuinua. Ndiyo maana swali la "nipulizie nini?" kwenye kaunta ya duka la pembejeo huwa limechelewa. Maswali yenye faida ni mawili: sota, yaani kiwavi mkata miche, aliyeko shambani ana urefu gani, na miche unayotaka kuilinda ni mingapi. Ukiyajibu hayo, uchaguzi kati ya jembe, kola ya kuzungushia shina, chambo chenye sumu, tochi na bomba la mgongoni unakuwa mwepesi kuliko unavyodhani.

Kwanza hakikisha ni sota

Wanaoangusha miche ni wengi, na fedha nyingi hupotea kwa kumtibu asiyehusika. Asubuhi mapema, kabla jua halijapanda, chukua kijiko au kijiti ufukue duara la sentimita 10 hadi 15 kuzunguka mche uliokatwa, kina cha sentimita 5. Ukimkuta kiwavi mnene, laini, wa kijivu hadi mweusi, ngozi kama imepakwa mafuta, anayejikunja kama herufi C akiguswa, huyo ni sota. Mara nyingi ncha ya jani utaikuta imevutwa hadi kwenye tundu lake.

Funza mweupe, yaani mtoto wa mbawakawa, naye hujikunja hivyohivyo. Lakini yeye ni mweupe, kichwa cha kahawia, ana jozi tatu za miguu mbele na hana vijiguu vya nyama tumboni kama vya kiwavi. Hula mizizi, kwa hiyo mche hunyauka ukiwa umesimama. Chenene hukata na kuburuta: tafuta shimo lenye mabaki ya majani mdomoni. Kinyausi si mdudu kabisa, ni ugonjwa. Shina halijakatwa bali limelowa na kusinyaa kama uzi usawa wa udongo, na miche huanguka kwa mafungu kwenye kitalu kilichobanana na kunyweshwa maji kupita kiasi. Kola wala chambo havigusi kinyausi.

Kuna pia mshitakiwa mwingine wa Dar: mbolea ya kuku isiyoiva. Ikiwekwa mbichi kwenye shimo huunguza mizizi, mche unakauka kuanzia kingo za majani, na lawama anabebeshwa sota.

Umri wake ndio unaoamua

Sota anayejulikana zaidi ni kiwavi wa nondo aitwaye kitaalamu Agrotis ipsilon. Nondo huruka usiku, na jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000. Hapendi udongo mtupu. Hutaga kwenye magugu mafupi yenye majani mapana, na maeneo yenye unyevu au yaliyofurika humvutia zaidi. Anayelima pembezoni mwa Mto Msimbazi ana kila sababu ya kumtarajia.

Mayai huanguliwa baada ya siku 3 hadi 6. Kiwavi hula kwa siku 20 hadi 40 huku akijivua gamba mara kadhaa, kisha hugeuka pupa (hatua ya mwisho kabla ya nondo) ya kahawia inayong'aa, urefu wa karibu sentimita 2, ndani ya udongo kina cha sentimita 3 hadi 12. Hukaa humo siku 12 hadi 20. Joto la nyuzi 27 linamkuza vizuri sana, nalo ndilo joto letu la kawaida hapa Pwani. Kwa kuwa bustani za Dar humwagiliwa mwaka mzima, hakuna miezi ambayo kizazi kinakatika chenyewe.

Jambo la kukumbuka zaidi ni hili: sota mdogo hakati. Hukaa juu kwenye majani na kutoboa vitundu ambavyo karibu hakuna anayevijali. Anapofikia kujivua gamba mara ya tatu huanza kukimbia mwanga, hujificha ardhini mchana na kutoka usiku. Zaidi ya asilimia 80 ya majani yote atakayokula maishani huyala katika hatua yake ya mwisho kabla ya kuwa pupa. Kwa hiyo miche ikianza kulala kwa wingi, ujue umeshakaa naye wiki mbili au zaidi bila kumwona.

| Urefu wa sota | Yuko wapi, anafanya nini | Kinachofaa |
|---|---|---|
| Chini ya sm 1 | Juu ya majani na magugu, anatoboa vitundu | Palizi, Bt (dawa ya bakteria), mwarobaini |
| Sm 1.5 hadi 3 | Ardhini mchana, anakata usiku | Chambo, kuokota. Dawa ikibidi |
| Sm 4 hadi 5 | Anakaribia kuwa pupa | Okota tu. Kupulizia ni hasara |

Mstari wa tatu ndio unaokosewa zaidi. Mkulima anaona uharibifu mkubwa, ananunua dawa, anapulizia, na baada ya siku nne ukataji unakoma. Anasifu dawa, kumbe sota walikuwa wameshamaliza kula na wamezama kuwa pupa. Baada ya wiki mbili tatu nondo wanatoka, na safari inaanza upya.

Jembe mapema au dawa baadaye?

Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chagua jembe. Wiki 3 hadi 4 kabla ya kupandikiza, ng'oa magugu yote, toa mabaki ya zao lililopita, kisha lima kina cha sentimita 15 hadi 20 ukigeuza udongo. Baada ya siku kumi hivi, pitisha jembe tena. Faida ni tatu kwa mpigo: nondo hapati pa kutagia, kiwavi aliyeanguliwa anakosa chakula, na pupa zinaibuliwa juani ambako yangeyange na kuku wanazimaliza. Kabla ya kupandikiza, fungulia kuku kwenye tuta saa chache. Baada ya kupandikiza, wafungie. Kuku hajui mche wala sota.

Kosa lililo la kawaida ni kufyeka jana na kupandikiza leo. Sota wa sentimita 2 waliokuwa wakila mchicha pori na majani mengine hawafi kwa sababu magugu yametolewa. Wanabaki ardhini na njaa yao, na kitu pekee cha kijani kilichosimama ni mche wako. Hapo umewaandalia karamu. Kama muda haupo, bora kupandikiza huku ukiacha vichaka vichache vya magugu kati ya mistari kwa wiki ya kwanza, uvipalilie baadaye, kuliko kuacha ardhi tupu na miche mitupu.

Kabla ya kuingiza miche, pima. Jioni weka marundo madogo ya magugu mabichi, au vipande vya gunia lililoloweshwa, kila baada ya hatua tatu nne. Alfajiri vifunue. Sota wataonekana chini yake. Usiku mitatu mfululizo bila kitu, pandikiza. Ukiokota wawili watatu kila rundo, subiri wiki nyingine au jiandae kwa chambo.

Tatizo la jembe ni muda. Mkulima wa mchicha huvuna baada ya wiki tatu au nne. Kumwambia aache tuta wazi wiki nne ni kumwambia apoteze mavuno mazima. Kwake njia ya katikati ni kupumzisha tuta moja kati ya manne kwa zamu. Na kwa aliyekodi kipande kwenye kiwanja kisichojengwa, magugu ya jirani si yake ila nondo wake wanamhusu. Safisha ukanda wa mita moja kuzunguka eneo lako.

Dawa ya kupulizia ina nafasi yake, ila ni finyu kuliko inavyouzwa. Inafaa pale ambapo eneo ni kubwa, miche imeshakaa shambani, ukaguzi unaonyesha kama miche 5 katika kila 100 imekatwa, na sota unaowafukua bado hawajapita sentimita 2.5. Nje ya hapo, weka fedha mfukoni.

Ukiamua kupulizia, saa ndiyo nusu ya kazi. Dawa za kundi la paretroidi, kama lambda-sihalothrini, hushikamana na udongo wa juu na hazizami kumfuata sota alikojificha. Ukipulizia saa tatu asubuhi, unalipua ardhi huku mwenyewe amelala sentimita 4 chini. Pulizia jioni jua likishuka na upepo wa baharini umetulia, elekeza mdomo wa bomba kwenye shina na udongo wa upana wa kiganja kulizunguka, si juu ya majani. Kama udongo umekauka, mwagilia kidogo asubuhi ya siku hiyo, kwa sababu kwenye udongo mkavu sota hubaki chini na kukata shina ndani kwa ndani. Usimwagilie tena hadi asubuhi inayofuata.

Kipimo ni cha kwenye lebo, si cha kifuniko. Angalia ujazo wa bomba lako: lipo la lita 16 na la lita 20, na dozi ya moja si ya lingine. Lebo ikisema mililita 20 kwa lita 20, basi kwa bomba la lita 16 ni mililita 16. Lebo iwe na namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), maelezo ya Kiswahili, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Dawa ya kupimiwa kwenye chupa ya soda haina kati ya hivyo hata kimoja; usiinunue hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Klopirifosi kwa miaka mingi ilikuwa jibu la haraka kwa wadudu wa ardhini. Mei 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm, wa kimataifa kuhusu kemikali sumu zinazodumu, zilikubaliana kuiingiza kwenye orodha ya kemikali za kuondolewa, pamoja na misamaha kadhaa. Kwa mboga za majani zinazoliwa ndani ya mwezi mmoja, haikupaswa kufikiriwa hata kabla ya hapo.

Gharama nyingine ya kupulizia shamba zima haiandikwi kwenye risiti. Mbawakawa wawindaji wa ardhini, siafu na nyigu wadogo wanaotaga ndani ya viwavi hufa pia, na hao ndio waliokuwa wakikulia sota wadogo bure.

Kola au chambo?

Hizi ndizo njia mbili zinazofaa bustani nyingi za Dar, na mpaka kati yake ni idadi ya miche.

Kola ni ukuta mdogo unaozunguka shina. Kata chupa ya maji ya lita moja na nusu: ondoa shingo na kitako, sehemu iliyobaki igawe mara mbili. Kila kipande kiwe na urefu wa sentimita 8 hadi 10. Kivishe mche siku ileile unapopandikiza, kizamishe sentimita 3 ardhini, na sentimita 5 au zaidi zibaki juu. Kopo la nyanya lililoondolewa kifuniko na kitako nalo linafaa, ila bati huchemka kwenye jua la Januari, hivyo liache mbali na shina. Karatasi ngumu ya boksi hudumu wiki mbili hivi kabla haijalainika kwa maji, na mara nyingi huo ni muda wa kutosha.

Kola hushindwa kwa sababu tatu, zote za mkono wa mtu. Ya kwanza, sota yumo ndani tayari: umemfungia chumbani na chakula. Pekua udongo wa ndani ya duara kabla ya kuvisha. Ya pili, haikuzamishwa, na mchanga wa Kigamboni au Bunju umehama kwa maji ya keni ya kumwagilia mpaka pengo likajitokeza chini. Ya tatu, jani limeinama nje ya kola na kugusa ardhi. Hilo ni daraja. Likate. Shina likifikia unene wa penseli, toa kola, maana sota hulishindwa shina gumu na wewe utazihitaji kwa zamu nyingine. Zihifadhi vizuri: chupa tupu Dar zina mteja, ukiziacha shambani waokota makopo watakusaidia kuzikusanya.

Kwa miche 50, hata 200, hakuna njia inayoishinda kola. Lakini robo eka ya kabichi kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 45 ina miche kama 3,700. Hapo ungehitaji chupa karibu 1,900 na subira ya kuvisha kila mmoja. Hapo ndipo chambo kinapochukua nafasi.

Chambo ni chakula kinachompendeza sota kuliko mche wako, kilichotiwa kitu cha kumuua. Mchanganyiko unaofaa bustani ya nyumbani ni gramu 100 za pumba, gramu 10 za sukari, gramu 5 za unga wa pareto na maji yasiyozidi gramu 200. Changanya vikavu kwanza, sukari iyeyushe kwenye maji, kisha mimina nusu na uongeze kidogo kidogo. Pumba za mashine ya kukoboa hazifanani: za ngano hunywa maji mengi, za mahindi hunywa machache. Ukifinya konzi moja ishikane, na isichuruzike. Tope halinyunyiziki, na pumba kavu sota anaipita.

Kiasi hicho kinatosha miche kama 100, kwa kuweka mfinyo wa vidole vitatu karibu na kila shina. Weka jua likizama, baada ya kazi ya kumwagilia kuisha. Pareto huvunjwa na mwanga wa jua, na chambo kilichokaa mchana kutwa kimebaki kuwa chakula tu. Rudia jioni mbili au tatu mfululizo. Asubuhi pita uokote walio dhaifu juu ya udongo.

Pareto inalimwa huku kwetu nyanda za juu kusini na haina makali makubwa kwa kuku, ingawa ni sumu kwa samaki na nyuki, hivyo usiitupe mtaroni. Wapo wanaobadilisha pareto kwa dawa kali ya dukani "ili ifanye kazi haraka". Kwenye uwanja ambao kuku, paka na watoto wanapita, huo ni mtego usiochagua. Pumba tamu yenye sumu kali haitofautiani machoni mwa kuku na pumba ya kila siku.

Chambo hushindwa pale magugu yanapokuwa mengi, kwa sababu sota hana haja ya kutembea kutafuta chakula. Mvua ya masika nayo hukiyeyusha usiku huohuo. Kati ya Machi na Mei, kama miche si mingi, rudi kwenye kola.

Tochi

Sota mmoja hukata miche kadhaa usiku mmoja, na hufuata mstari. Kumpata mmoja aliyejificha mwisho wa mstari uliokatwa kunaokoa mche wa kesho na wa keshokutwa. Kati ya saa 2 na saa 5 usiku pita na tochi na kopo la maji ya sabuni. Kama usalama wa bondeni usiku hauruhusu, kufukua alfajiri kunatoa karibu matokeo yaleyale, mradi ufike kabla udongo haujapata joto. Kwenye udongo mzito wa bondeni, kulowesha tuta mpaka maji yatuame huwapandisha juu mchana. Kwenye mchanga usijisumbue, maji yanapotea kabla hayajawafikia.

Majivu, mwarobaini na Bt

Majivu yana sifa kubwa kuliko kazi yake. Yakiwa makavu humkera sota; keni ya kwanza ikipita hayapo. Ukimwagilia mara mbili kwa siku, utamwaga majivu mara mbili kwa siku, na udongo utazidi kuwa wa magadi.

Mwarobaini una nguvu ya kweli, ila kwa sota wadogo. Twanga gramu 500 za kiini cha mbegu, loweka kwenye lita 10 za maji usiku kucha, chuja, pulizia jioni. Humkosesha hamu ya kula na kuvuruga kujivua gamba. Hauui usiku huohuo. Bt, bakteria wanaoharibu utumbo wa kiwavi, hufuata kanuni hiyohiyo: lazima bakteria hao waliwe na kiwavi akiwa bado mdogo, juu ya jani. Kwa sota wa sentimita 3 aliyeko ardhini, vyote viwili ni fedha iliyotupwa.

Kwa zao ulilonalo

Nyanya, pilipili, biringanya na kabichi hupandwa mbalimbali, na kila mche uliokatwa ni pengo. Hapa kola au chambo ni lazima kwa wiki tatu za mwanzo, na weka miche ya akiba kitaluni kama asilimia 10. Bamia na tikiti hupandwa kwa mbegu moja kwa moja. Panda mbegu tatu kila shimo, punguza shina likishakomaa, na chambo kianze siku miche inapochomoza.

Mchicha wa kumwaga hauhitaji vita. Tuta lililojaa humeza hasara ya miche kadhaa bila mavuno kupungua, na muda wa kuvuna ni mfupi mno kuruhusu dawa. Okota, basi. Matembele yaliyokatwa huchipua tena kutoka kwenye pingili.

Mahindi yana siri yake. Hadi majani matano au sita, kitovu cha kukua bado kiko chini ya ardhi. Mche uliokatwa juu ya udongo subiri siku nne au tano. Jani jipya likichomoza katikati, uache. Uliokatwa chini ya udongo pandia upya. Na kabla ya kumlaumu sota kwenye mahindi, mtazame kiwavi kichwani: alama kama herufi Y iliyopinduliwa, na madoa manne yaliyokaa mraba karibu na mkia, ni kiwavijeshi vamizi. Yeye pia huweza kukata mche mchanga, lakini hukaa ndani ya moyo wa mmea, kati ya majani machanga, na chambo cha ardhini hakitamfuata huko juu.